Jino la Mtoto Huharibikia Kitandani

Mabasi ya manjano ya shule yanapoingia alasiri Al Twar, mtaa wa makazi ulio jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Dubai, anayesimama getini kumpokea mtoto mara nyingi si mama yake. Ni dada wa kazi, na katika nyumba nyingi za Ghuba dada huyo ametoka Mombasa, Kisumu, Kampala au Tanga. Ndiye anayepokea mkoba, anayefungua friji mtoto anapodai juisi, anayempa mdogo wake biskuti ili anyamaze, na usiku ndiye anayemlaza na chupa ya maziwa. Daktari wa meno humwona mtoto huyo mara moja au mbili kwa mwaka, tena akibahatika. Dada humwona asubuhi na usiku, siku zote.

Ndiyo maana habari hii inawahusu Waswahili wa Ghuba moja kwa moja, wawe wazazi wenyewe au walezi wa watoto wa wenzao. Kuoza kwa meno ya watoto ni ugonjwa unaozuilika kwa kiasi kikubwa sana, na kinga yake kubwa haiko kwenye mashine za kliniki. Iko katika mambo mawili ya nyumbani: mtoto anatia kitu kitamu mdomoni mara ngapi kwa siku, na meno yake yanaingia kitandani yakiwa katika hali gani.

Fedha haikingi jino

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti ya hali ya afya ya kinywa ulimwenguni. Watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa ya namna moja au nyingine, na miongoni mwao ni watoto wapatao milioni 514 ambao meno yao ya utotoni yameoza. Nchi tajiri hazikusalimika. Uchunguzi wa watoto wa miaka 5 na 6 katika ufalme wa Ajman, ng'ambo tu ya Sharjah ukitokea Al Twar, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta takriban watatu kati ya kila wanne wana meno yaliyooza.

Uchunguzi wa zamani zaidi, uliofanywa Abu Dhabi na watafiti Al-Hosani na Rugg-Gunn na kuchapishwa mwaka 1998, ulitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Watoto wadogo walioathirika zaidi walikuwa wa familia zenye kipato kikubwa ambazo wazazi wake walikuwa na elimu ndogo. Tumezoea kufikiri kwamba maradhi humfuata maskini. Hapa ilionekana kwamba fedha bila maarifa inaweza kuwa balaa kwa jino. Si jambo gumu kuelewa: pipi, juisi na maziwa ya chokoleti hununuliwa, na mwenye nacho hununua kila siku. Maarifa ya kusema "hii basi, kesho" hayauzwi dukani.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yanakwenda njia hiyo hiyo. Mtoto wa kijijini aliyekua kwa muhogo, ugali na mboga alikutana na sukari siku ya sikukuu. Mjukuu wake anayelelewa mjini, au huku Ghuba, hukutana nayo kabla ya saa mbili asubuhi, kwenye nafaka za boksi na maziwa yaliyotiwa ladha.

Asidi inavyofanya kazi

Watu wengi wa pwani bado wanasema jino limeingiwa na mdudu. Imani hiyo ni ya kale na ilienea duniani kote, hadi Mfaransa Pierre Fauchard, anayehesabiwa kuwa baba wa udaktari wa meno wa kisasa, alipoipinga katika kitabu chake cha mwaka 1728. Mdudu wa kutoboa hayupo. Waliopo ni bakteria wasioonekana kwa macho, wakiongozwa na aina iitwayo Streptococcus mutans, wanaoishi kwenye ukoga, ule utando laini unaoganda juu ya meno usiposwaki.

Bakteria hao hula sukari kama sisi, na kinachotoka kwao ni asidi. Mtoto akinywa juisi, dakika chache baadaye hali ya mdomo inageuka. Kipimo cha uchachu, kinachoitwa pH, kikishuka chini ya takriban 5.5, gamba gumu la jino, yaani enameli, huanza kupoteza madini yake. Kisha mate huja kuokoa jahazi. Huiosha asidi, huipunguza makali na kurudisha madini kwenye jino. Kazi hiyo huchukua nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Mtafiti wa Kimarekani Robert Stephan alionyesha mwendo huo wa kushuka na kupanda kwa vipimo vyake vya miaka ya 1940, na mchoro wake bado unafundishwa katika vyuo vya meno.

Fuata hesabu hiyo hadi sebuleni. Watoto wawili wamepewa boksi moja moja la juisi, ukubwa ule ule, sukari ile ile. Wa kwanza anainywa yote pamoja na chakula cha mchana, anamaliza. Meno yake yanapigwa na asidi mara moja, kisha mate yanapata nafasi ya kurekebisha. Wa pili anatembea na boksi lake mbele ya televisheni kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, akivuta mrija kidogo kidogo. Kila anapovuta, hesabu inaanza upya. Mate hayapati hata dakika ya kupumua. Wote wamekunywa sukari sawa, lakini jino litamtoboka wa pili.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa njia ya aibu. Kuanzia miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna mbalimbali, baadhi yao wakipewa tofi za kunata zilizotengenezwa maalumu kwa jaribio hilo. Hawakuulizwa ridhaa yao. Waliopata sukari pamoja na milo meno yao hayakuharibika sana. Waliotafuna tofi katikati ya milo meno yao yaliteketea. Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu kitu kama hicho, lakini somo lililopatikana kwa mateso ya watu wale halifai kupuuzwa: ukali wa sukari uko katika idadi ya mara inazoliwa na muda inaobaki mdomoni.

Kwa nini usiku

Mtu akilala, mate hupungua sana. Mlinzi wa meno anapokuwa likizo, chochote kilichobaki mdomoni kinafanya kitakavyo hadi alfajiri. Sasa mlaze mtoto wa mwaka mmoja na nusu na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, au juisi, au chai ya maziwa. Anavuta, anasinzia, chuchu ya chupa inabaki mdomoni, na kimiminika kinatuama nyuma ya mdomo wa juu.

Madaktari wa meno wanaitambua hali hii kwa kutazama tu. Meno manne ya mbele ya juu yameliwa, yamekuwa ya kahawia, mengine yamebaki visiki kwenye ufizi, huku meno ya mbele ya chini yakiwa meupe kabisa. Ya chini yalikingwa na ulimi na mate ya tezi zilizo chini yake. Ya juu hayakuwa na mtetezi.

Maziwa ya mama yana fungu lake. Kunyonyesha hadi mtoto afikishe miaka 2 na zaidi ndilo pendekezo la WHO, na hakuna daktari makini atakayemwambia mama aache kwa ajili ya meno. Linalotakiwa ni usafi. Mtoto mwenye meno aliyepita mwaka mmoja na anayenyonya usiku kucha anahitaji meno yake yaswakiwe kabla ya kulala, na vyakula vingine vyenye sukari vipunguzwe.

Yapo pia matamu ambayo hatuyahesabu: dawa ya maji ya kikohozi iliyotiwa sukari, asali inayopakwa kwenye chuchu bandia ili mtoto atulie, kijiko cha sukari kwenye uji wa saa mbili usiku. Dawa iliyoandikwa na daktari apewe, ila iutangulie mswaki, isije baada yake.

"Si yatang'oka tu?"

Swali hilo husikika katika kila familia. Meno ya utotoni ni 20. La kwanza huchomoza mtoto akiwa na miezi 6 hivi, na mengi yanatimia akikaribia miaka 3. Enameli yake ni nyembamba kuliko ya meno ya ukubwani, kwa hiyo tundu likianza hufika kwenye mshipa upesi. Magego yake ya mwisho hukaa hadi mtoto ana miaka 10 au 12. Hiyo ni miaka mingi ya kutafuna, kutamka maneno na kucheka mbele ya wenzake.

Jino la utotoni hushikilia nafasi ya lile litakalolifuata. Likitolewa mapema, majirani zake huinamia pengo, na jino la ukubwani hukosa njia na kuota upande. Likioza hadi kutunga usaha, uchafu huo unaweza kumharibia mrithi wake aliye chini, akatoka na mabaka. Na kuna gego moja ambalo wazazi wengi hulipoteza bila kujua lilikuwa la kudumu. Huota karibu na miaka 6, nyuma ya magego yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mama anadhani ni la kitoto, analiacha lioze, na hilo ndilo lililotakiwa kumfikisha mwanawe uzeeni.

Hapa inafaa kutaja jambo linalosafiri kwa simu kutoka nyumbani. Mtoto mchanga akipata homa na kuhara, bibi aliyeko Tanzania au Uganda anaweza kusema ana meno ya plastiki, au meno ya nailoni, na kwamba yatolewe haraka. Wanaofanya kazi hiyo hupasua ufizi wa mtoto wa miezi michache na kuchimbua chipukizi cha jino ambalo halijaota, mara nyingi pasipo ganzi na kwa chombo kisichochemshwa. Wapo watoto waliokufa kwa damu na maambukizi, na wapo waliopoteza hata jino la ukubwani. Meno ya plastiki hayapo. Kijiuvimbe cheupe kinachoonekana ni jino la kawaida linalosubiri zamu yake. Mtoto mwenye homa na kuhara anahitaji maji ya chumvichumvi na sukari ya dawa, yaani ORS, na hospitali.

Hofu ya Arusha, maji ya Dubai

Waliotoka Arusha, Meru na maeneo ya Bonde la Ufa nchini Kenya wana hofu yao, na ina msingi. Maji ya visima na chemchemi za huko yana madini mengi ya floridi kutoka kwenye miamba ya volkano. Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande huongeza mzigo. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yanapojijenga hutoka na rangi ya kahawia isiyooshwa na dawa yoyote ya meno. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu nyingi za huko hukipita mbali. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kilianzishwa kushughulikia tatizo hilo hilo kwa kutafuta njia za kuondoa floridi kwenye maji.

Mama aliyekulia mazingira hayo akifika Dubai hutafuta dawa ya meno isiyo na floridi, akiamini anamkinga mwanawe. Hapo anapotea njia. Maji ya bomba ya Dubai hutokana na bahari. Huchujwa chumvi kwenye mitambo mikubwa ya Jebel Ali, na yakitoka humo floridi yake ni kidogo mno. Wengi tena hunywa maji ya chupa. Mtoto wa Al Twar hana hatari ya kupata floridi kwenye birika. Kile kiasi kidogo kinachohitajika kuimarisha enameli lazima kitoke kwenye mswaki.

Nenda kwenye rafu ya dawa za meno za watoto katika duka lolote kubwa la mtaa huo uone. Mbele ya tyubu kuna katuni na picha ya stroberi. Geuza nyuma. Kwenye maandishi madogo tafuta namba inayofuatwa na herufi ppm, maana yake sehemu kwa milioni. Nyingine zimeandikwa 500, nyingine hazina kabisa, nyingine ni 1000 au 1450. Chukua isiyopungua 1000, hata kama haina katuni.

Kipimo ndicho kinachoondoa hatari. Tangu jino la kwanza hadi miaka 3, paka kwenye mswaki kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Kile kinachoonyeshwa kwenye matangazo, mswaki uliofunikwa dawa ncha hadi ncha, ni biashara ya mwenye kiwanda. Mtoto ateme povu, lakini asisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno. Na asiachiwe mswaki peke yake. Mkono wa mtoto hauna ustadi wa kufika magego ya nyuma hadi awe na miaka 7 au 8. Kabla ya hapo mkubwa ndiye anayeswaki, mtoto anasaidia.

Mswaki wa mti unaouzwa nje ya misikiti ni mzuri, ni sunna, na unasafisha. Mtoto autumie kwa heshima yake, kisha usiku apate wenye dawa ya floridi.

Friji, Ramadhani na kodi

Serikali ya Falme za Kiarabu imeichukulia sukari hatua. Oktoba 2017 soda zilianza kutozwa ushuru wa asilimia 50 na vinywaji vya kuongeza nguvu asilimia 100. Desemba 2019 ushuru wa asilimia 50 ulitandazwa hadi vinywaji vingine vilivyotiwa sukari, na mwaka 2025 serikali ilitangaza mfumo mpya wa kuanzia Januari 2026, unaotoza kulingana na wingi wa sukari katika kinywaji. Kopo moja la soda la mililita 330 lina karibu gramu 35 za sukari, vijiko vya chai vinane au tisa.

Juisi ya matunda matupu haikuguswa na ushuru huo, na wazazi wengi huiona dawa. Bakteria hawana habari ya ushuru. Sukari ya chungwa lililokamuliwa huwatosha kama ya soda. WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, huihesabu pamoja na sukari zinazotakiwa kubaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya 5. Mpe mtoto chungwa lenyewe alitafune.

Ramadhani ina mitihani yake. Tende hunata, sharubati hujaa mezani, kalimati na visheti hupita tangu magharibi hadi daku, na mtoto asiyefunga hudokoa mchana kutwa. Hakuna sababu ya kumnyima. Ale wakati wa futari na wenzake, anywe maji, na asisubiri daku ndipo aswaki. Chai ya karak, iliyokolea maziwa na sukari, ni kinywaji cha watu wazima. Mtoto wa miaka 3 hana haja nayo.

Kwenye kiboksi cha chakula cha shule, weka maji kwenye chupa, mkate na jibini au yai, tango, tunda zima. Pipi, ikibidi, iliwe mara moja baada ya mlo, isiwe ya kuzunguka nayo.

Inua mdomo wa juu

Mara moja kwa mwezi, mlaze mtoto kichwa kikiwa kwenye mapaja yako, mbele ya dirisha lenye mwanga. Inua mdomo wa juu kwa kidole na utazame pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, mfano wa chokaa, hapo enameli imeanza kupoteza madini lakini bado haijatoboka. Hatua hiyo inarudi nyuma. Ukipunguza mara za sukari, ukaswaki kwa floridi, na daktari akapaka floridi ya kliniki, jino linapona bila sindano. Ukiona kahawia au shimo, usingoje maumivu.

Kwa tundu lililokwisha kuingia, tiba si kung'oa au kuchimba tu. Ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, inayopakwa kwenye jino kwa dakika chache na kusimamisha kuoza. Huliacha jino na doa jeusi, na mzazi aambiwe mapema, lakini humwepusha mtoto mdogo na nusu kaputi. Mwaka 2021 WHO iliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Magego mapya ya miaka 6 yanaweza kuzibwa mifereji yake kabla hayajaoza.

Ziara ya kwanza kwa daktari wa meno iwe kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Kwa wageni wa Dubai kuna kikwazo cha gharama: sheria ya mwaka 2013 ililazimisha bima ya afya, lakini bima za msingi kwa kawaida haziendi mbali kwenye meno zaidi ya dharura. Soma karatasi zako kabla ya jino kuuma, na uulize kuhusu kliniki za vyuo vya udaktari wa meno, ambazo mara nyingi huwa nafuu.

Neno kwa madamu, neno kwa dada

Limebaki jambo moja ambalo vijitabu vya afya haviligusi. Dada wa kazi anaweza kujua yote haya na asiweze kuyafanya. Mtoto akilia usiku kwa kukosa chupa, anayelaumiwa ni dada, na chupa ndiyo njia fupi ya kupata amani. Hana mamlaka ya kumkatalia mtoto wa mwenye nyumba.

Kwa hiyo mwenye nyumba ndiye atoe amri, tena mbele ya watoto: baada ya mswaki wa usiku, kinachoingia mdomoni ni maji peke yake. Mtoto akifikisha mwaka mmoja, chupa ya maziwa ipunguzwe kwa kuongezwa maji kidogo kila usiku hadi ibaki maji matupu, naye aanze kuzoea kikombe. Siku tatu au nne za kilio zitakuwepo. Amri hiyo ikitolewa, dada asimame nayo bila woga, na wewe dada mwenye watoto wako uliowaacha Tanga au Kisumu, wapigie simu leo umwambie anayewalea maneno haya haya. Kuswaki usiku hakuzidi dakika 3, tyubu moja humtosha mtoto miezi kadhaa, na hakuna kliniki ya Dubai inayoweza kufanya kazi hiyo kwa niaba yenu.